Kwa nini phpMyAdmin inachanganya kanzidata za mfumo na kanzidata zetu?

Wakuu, nimelivumilia jambo hili muda mrefu, na sasa nalalamika waziwazi. Mtu akisakinisha XAMPP (kifurushi kinachoweka seva ya wavuti na ya kanzidata kwenye kompyuta) na kufungua phpMyAdmin, zana ya kusimamia kanzidata kupitia kivinjari, kwa mara ya kwanza, kabla hajaunda chochote, upande wa kushoto anakuta kanzidata za information_schema, mysql, performance_schema, phpmyadmin na test. Akiunda kanzidata yake ya duka au ya shule, nayo inapangwa katikati ya hizo kwa kufuata alfabeti, ikiwa na alama ileile, kana kwamba zote ni mali yake na zote zina uzito mmoja.

Hazina uzito mmoja hata kidogo! Information_schema ni taarifa tu kuhusu kanzidata nyingine, na hata root, yaani akaunti yenye mamlaka yote, hawezi kuifuta. Kanzidata ya mysql ni kinyume chake: humo ndimo zinamokaa akaunti za watumiaji pamoja na haki zao, na aliyeingia kama root anaweza kufuta mistari yake kirahisi kama anavyofuta bidhaa za dukani kwake. XAMPP, kwa mipangilio yake ya awali, humwingiza kila mtu kama root bila nenosiri.

Kinachonikera zaidi ni kwamba madhara hayaonekani papo hapo. Seva husoma majedwali ya haki inapowashwa na kuyaweka kwenye kumbukumbu, hivyo anayejifunza anaweza kufuta mistari ya jedwali la global_priv, lenye akaunti hizo, katika MariaDB (seva ya kanzidata inayokuja na XAMPP) asubuhi, akafanya kazi zake hadi jioni, na kesho yake akawasha kompyuta na kukataliwa kuingia bila kujua kosa lilifanyika wapi. Kijana mmoja ninayemfundisha kazi yalimkuta hayo, akasakinisha kila kitu upya na kupoteza mradi wake wote, ilhali seva ingewashwa kwa --skip-grant-tables, yaani bila kukagua haki, na akaunti zikarekebishwa.

Nitaambiwa kwamba kuna hide_db, mpangilio wa kuficha kanzidata zisionekane kwenye orodha. Ni kweli, upo katika config.inc.php, faili la mipangilio ya phpMyAdmin, lakini anayejua kulihariri faili hilo ndiye asiyehitaji kulindwa. Mteja aliyekodi nafasi kwenye seva ya pamoja haruhusiwi hata kuligusa. Yeye huona information_schema kando ya kanzidata yake na kudhani kwamba ameingiliwa na wadukuzi.

Wala kuzitenganisha si jambo lisilowezekana; zana nyingine za aina hii hufanya hivyo. SQL Server Management Studio huziweka kanzidata zake za mfumo, yaani master, model, msdb na tempdb, katika folda ya peke yake. MySQL Workbench na pgAdmin huficha vitu vya mfumo mpaka mtumiaji mwenyewe aombe kuvionyeshwa.

Sidai vifichwe moja kwa moja, kwa sababu information_schema ndiyo inayotuonyesha ukubwa wa majedwali yetu, na sisi wasimamizi tunaihitaji. Nadai waundaji wa phpMyAdmin waziweke kanzidata za mfumo katika tawi lake, lililofungwa na lenye jina linaloeleweka, na mtu anapotaka kubadilisha chochote ndani ya mysql aonywe kwanza kwamba anagusa akaunti za seva nzima. Kampuni za kukodisha seva nazo ziwawekee wateja wao hide_db leo hii, kwa sababu faili hilo liko mikononi mwao.