Mjadala: Farasi tunamkataa kwa dini au kwa kinyaa? Na kima (nyama ya kusaga) ya baga je?

Assalaam aleikum, na kwa wasio Waislamu, habari zenu wana Lamu na Malindi.

Siku hizi kila penye vijana utasikia kwamba baga zinazouzwa huku pwani hakuna ajuaye ndani mna nini, huenda ni punda. Wakubwa wanajibu kwa mkato: punda au farasi, yote mamoja, haramu. Ninaomba tusimame hapo kwanza, kwa sababu si mamoja, na tukiyachanganya tutapigana na asiyekuwa na kosa huku mwenye kosa akipita.

Tuanze na dini. Wengi wetu hapa ni Mashafii, wafuasi wa Imamu Shafii, na katika madhehebu yetu nyama ya farasi ni halali. Sahaba Asmaa binti Abubakar amepokea kwamba zama za Mtume (SAW) walichinja farasi wakamla. Jabir bin Abdillahi amepokea kwamba siku ya vita vya Khaybar Mtume alikataza punda wa kufugwa na akaruhusu farasi. Hadithi zote mbili zimo katika vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim. Imamu Abu Hanifa alichukia farasi kuliwa, na Wamaliki wengi, wafuasi wa Imamu Malik, wamekataza, wakitazama Suratu Nahl aya ya 8 inayotaja farasi, nyumbu na punda kuwa ni wa kupandwa na ni pambo. Basi khitilafu ipo, ila ni ya wanavyuoni na ina adabu zake. Mtu wa Lamu kusimama akasema farasi ni haramu moja kwa moja, bila kutaja ni kwa madhehebu gani, anamsemea Mwenyezi Mungu jambo asilolijua. Punda wa kufugwa ni kesi nyingine kabisa. Huyo amekatazwa.

Kinyaa nacho kina asili yake, na wala si kibaya. Farasi hapa kwetu ni wa kuhesabu, hatukuzoea hata kumgusa, tutazoea wapi kumla? Mtu wa bara mwekee pweza wa nazi uone anavyosukuma sahani. Waingereza hawamli farasi, na Wafaransa, walio ng'ambo ya pili ya bahari nyembamba, wana mabucha yake yaliyoruhusiwa na sheria tangu 1866. Mwaka 732 Papa Gregory III aliwakataza Wajerumani kumla kwa kuwa ilionekana ni desturi ya kipagani. Kazakhstan wengi ni Waislamu, tena wafuasi wa Abu Hanifa, na farasi ndiyo nyama ya kumkirimia mgeni wa heshima. Nanyi wa Malindi, hao Waitaliano mnaokaa nao miaka yote hii, watu wa Verona wana mchuzi wao wa farasi unaopikwa kwa divai. Hakuna kati ya hawa aliye mshenzi kwa sababu ya chungu chake.

Sasa baga. Januari 2013 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ireland ilitangaza matokeo ya kupima aina 27 za baga zilizoandikwa kuwa ni za ng'ombe. Aina 10 zilikutwa na vinasaba (DNA) vya farasi, na baga moja iliyouzwa na maduka ya Tesco ilikuwa na farasi kiasi cha asilimia 29. Februari ikaibuka lazanya, chakula cha Kiitaliano cha tambi na kima, ya kampuni ya Findus iliyokuwa karibu farasi mtupu. Nyama ilitoka machinjioni Romania, ikapita mikononi mwa madalali wa Cyprus na Uholanzi, ikafika Ufaransa, ikaingia kiwanda cha Luxembourg, na njiani karatasi zikaja kusema uongo. Sababu yake ni bei: farasi alikuwa rahisi kuliko ng'ombe.

Dunia nzima ikapiga kelele: farasi, farasi! Lakini katika zile baga 27 kulikuwa na aina 23 zenye vinasaba vya nguruwe. Ishirini na tatu! Waislamu wa Ulaya walikuwa na la kulilia kubwa zaidi ya farasi, na halikupata hata nusu ya makelele hayo. Hapa ndipo ninapotaka tufike. Waliodhulumiwa wale hawakudhulumiwa na mnyama. Walidhulumiwa na mtu aliyeandika "ng'ombe" ilhali anajua si ng'ombe. Hata kwa Shafii mwenzangu, farasi aliyepita njia ile hana uhalali wowote, maana hakuna ajuaye alichinjwa na nani na vipi. Isitoshe, farasi wa Ulaya hupewa dawa ya maumivu iitwayo fenilbutazoni, na mnyama aliyepewa dawa hiyo haruhusiwi kuliwa na binadamu.

Turudi bucha zetu. Ukisema nikatie kilo, unaona paja limening'inia, muhuri wa mkaguzi uko kwenye ngozi ya mafuta, unaona mfupa, unachagua mwenyewe. Ukisema nisagie, mashine iko mbele yako, unaona kilichoingia na kilichotoka. Lakini kima iliyokwisha sagwa, imekaa ndani ya friza hadi imeota barafu, imetiwa kitunguu, pilipili manga na mkate uliolowekwa, hata bingwa wa mapishi wa mtaa wa Mkomani hapa Lamu hawezi kukwambia ni ya mnyama gani. Viungo vyetu ni vitamu, na ndivyo vinavyoficha.

Na punda? Watu wa bara wanaona tunatia chumvi, lakini hofu yetu ina msingi. Aprili 2016 kiwanda cha kuchinja punda kilifunguliwa Mogotio, Baringo, vingine vikafuata. Lengo kubwa lilikuwa ngozi, inayopelekwa China kutengenezewa ejiao, dawa yao ya asili. Hadi Disemba 2018 punda zaidi ya 300,000 walikuwa wamechinjwa, na wizi ukaenea, mtu analala na punda anaamka na kamba. Februari 2020 Waziri wa Kilimo Peter Munya akapiga marufuku, Mei 2021 Mahakama Kuu ikaiondoa marufuku hiyo, na Februari 2024 Umoja wa Afrika ukakubaliana kuizuia biashara ya ngozi za punda barani kote. Ukichinja kwa ajili ya ngozi, nyama unabaki nayo, na anayechinja vichakani kwa wizi hatamwita mkaguzi aje apige muhuri. Hapa Lamu punda ndiye anayebeba mchanga, saruji na mawe ya kujengea katika vichochoro visivyopita gari, na tangu 1987 ana hospitali yake hapa mjini ya kutibiwa bure. Kumkuta ndani ya mkate wa ufuta itakuwa msiba wa dini na wa nyumbani pia.

Rai yangu: serikali za kaunti za Lamu na Kilifi, iliyo na Malindi, zimtake kila muuza baga na sambusa abandike ukutani jina la bucha anayonunua na tarehe ya kusaga. Leteni maoni.

Mchangiaji wa Malindi: Ndugu yangu, umesema mengi ya kweli lakini umetuumiza sisi wauzaji. Mimi nina kibanda cha baga na chipsi karibu na stendi. Nanunua mguu wa ng'ombe asubuhi, nasaga mwenyewe. Maneno ya punda yalipoanza kuzagaa wateja walipungua, na hakuna hata mmoja aliyekutwa na punda hapa. Uvumi nao ni dhulma. Halafu hiyo karatasi ya ukutani, mwongo ataibandika vilevile.

Mchangiaji wa Shela: Kaka, shukran kwa elimu. Ila mimi hata mkiniletea fatwa kumi, farasi sili. Nafsi inakataa. Je, nimekosea mbele ya Mungu kwa kukichukia alichokihalalisha?

Mleta mada: Dadangu wa Shela, hujakosea kabisa. Mtume (SAW) aliandaliwa dhabb, yule mjusi mkubwa wa jangwani, akaondoa mkono. Sahaba Khalid bin Walid akauliza kama ni haramu, Mtume akamjibu sio, ila mnyama huyo hakuwapo katika nchi ya watu wake, ndiyo maana nafsi yake haimtaki. Khalid akamvuta akamla, Mtume akimtazama, wala hakumkataza. Usile, na usimuite haramu. Anayekula naye asikucheke.

Wa Malindi, dai lako ni la haki, na ninakubali kwamba karatasi peke yake haitoshi. Ireland hawakugundua kwa uvumi wala kwa karatasi, waligundua kwa kupima. Nairobi pale shirika la wanyamapori, KWS, lina maabara ya vinasaba iliyofunguliwa 2015 inayotambua mnyama kwa kipande cha nyama katika kesi za ujangili. Wakaguzi wa kaunti wachukue sampuli za kima bila taarifa, katika vibanda na katika hoteli kubwa za watalii pia, si kwa wanyonge tu, kisha matokeo yatangazwe kwa jina la duka. Ukipimwa ukaonekana safi, utakuwa na cheti chenye nguvu kuliko maneno ya barazani, na mimi nitakuwa mteja wako wa kwanza nikivuka Malindi. Swali kwenu wote sasa: gharama ya kupima ilipwe na kaunti kutoka kwenye ada za leseni, au muuzaji aongezewe? Mimi nasema kaunti, maana ada hizo tayari tunazilipa.