Tembe anajikamua bila yai, wengine wanalala viotani: nianzie wapi?

Bandani12:
Wakuu, salaam. Nina matembe (kuku majike wanaoanza kutaga) 12 wa aina ya mayai, wiki ya 21 sasa. Saba wameshaanza kutaga. Mmoja tangu jana asubuhi anaingia kiotani, anakaa, anatoka bila yai. Anasimama wima, mkia chini, nyuma panapanda na kushuka kama anajikamua. Juu ya hapo, alfajiri naokota mayai yasiyo na ganda, ngozi tupu, chini ya vichanja (fito za kulalia). Tena wanne hawapandi vichanjani kabisa: watatu wanalala viotani, mmoja sakafuni. Vichanja viko sentimita 60 kutoka chini, viota nimevipandisha hadi mita 1 visichafuke. Chakula bado ni cha kukuzia, maana nilielekezwa nisibadilishe mpaka wote watage. Huyo anayejikamua yai limemkwama, au ni ugeni tu?

KooMzoefu:
Mkuu, anza na huyo mmoja sasa hivi, mengine yatasubiri.

Kuingia na kutoka kiotani siku nzima ni kawaida kwa tembe anayekaribia yai la kwanza. Lakini mgeni wa namna hiyo anakula, anatembea vizuri, upanga wake wa kichwani mwekundu, na ukimgusa mgongoni anachuchumaa. Aliyekwamwa na yai hali, manyoya yamemfutuka, anatembea ametanua miguu, na kinyesi hakitoki au kinatoka kidogo tu, cheupe cha majimaji, kwa sababu yai limeubana utumbo.

Mshike upime mifupa miwili ya nyonga iliyo kando ya tundu la haja. Vikipita vidole viwili au vitatu katikati yake, huyo amefikia kutaga. Kikipita kimoja tu, hajafika, tafuta sababu nyingine. Kisha vaa glavu, paka mafuta mepesi kidole cha shahada, uingize taratibu. Yai lililokwama karibu utaligusa ndani ya sentimita 5, gumu na nyororo juu. Usipoligusa, usihitimishe kwamba halipo. Linaweza kuwa juu zaidi.

Ukiligusa, mkalishe kwenye beseni la maji ya vuguvugu, nyuzi 38 hadi 40, yafike usawa wa tumbo, dakika 15 hadi 20. Mkaushe mpaka manyoya ya ndani, mpake mafuta tunduni, mweke kwenye boksi lenye joto, giza na utulivu, maji ya kunywa karibu. Unaweza kurudia baada ya saa chache. Usimminye tumbo! Yai likipasukia ndani, vipande vya ganda vinachana mrija wa mayai, na uchafu wake huoza tumboni. Kwa kuwa ameanza jana, ikifika jioni bila yai mpeleke kwa daktari wa mifugo, ambaye anaweza kumchoma sindano ya kalisiamu. Saa 24 hadi 48 za kukwama zinatosha kumuua.

Mfugaji_Mpole:
Mnyweshe vijiko viwili vya mafuta ya kula, yai litateleza lenyewe.

KooMzoefu:
Hapana, ndugu. Mafuta ya mdomoni yanapita utumboni. Mrija wa mayai ni njia nyingine kabisa, hukutana na utumbo pale mwishoni kwenye tundu tu. Atakachopata ni kuhara, na akipaliwa yanaingia kwenye mapafu.

Chokaa_na_Ganda:
Naona watu wanapita haraka kwenye suala la chakula, na nahisi ndipo mzizi ulipo. Cha kukuzia kina kalisiamu kama asilimia 1, cha kuku wa mayai asilimia 3.5 hadi 4. Ganda la yai moja linahitaji takriban gramu 2. Saba wanaotaga kwa chakula cha kukuzia wanazitoa kwenye mifupa yao. Kalisiamu hiyohiyo ndiyo inayoupa nguvu msuli wa kusukuma yai, na yai laini halisukumiki vizuri. Kwa hiyo ngozi tupu unazookota na huyo anayejikamua huenda ni tatizo moja.

Badilisha leo. Ushauri wa kungoja wote watage una asili yake: kalisiamu nyingi huharibu figo za kuku wachanga, ndiyo maana hawapewi chakula cha mayai kabla ya wiki ya 16. Wako wamepita huko. Changanya nusu kwa nusu siku tatu nne, kisha cha mayai peke yake.

Weka pia maganda ya chaza kwenye chombo cha pembeni, kila mmoja achukue anachohitaji. Yawe vipande vya milimita 2 hadi 4, si unga. Ganda hujengwa kwa kama saa 20, sehemu kubwa usiku wakati kuku hali kitu; vipande hukaa kwenye firigisi na kuyeyuka polepole, unga unapita upesi. Mayai mawili matatu ya ngozi mwanzoni mwa utagaji si ajabu. Yakiendelea wiki tatu baada ya kubadilisha chakula, chunguza ugonjwa au kitu kinachowashtua usiku.

FitoNaMaranda:
Kuhusu kulala: kuku hutafuta mahali pa juu kuliko pote. Viota vyako viko juu ya vichanja, basi wamechagua sawasawa. Shusha viota hadi sentimita 40 au 50, pandisha vichanja hadi 80, uweke kimoja cha katikati cha kukanyagia ili wasiruke na kuumia nyayo. Ubao uwe na upana wa sentimita 4 hadi 5, kingo zimelainishwa. Kila kuku sentimita 20 hadi 25, kwa hiyo 12 wanataka mita 3. Kisiwe karibu na ukuta chini ya sentimita 30.

Ziba viota saa moja kabla ya jua kuzama, zibua alfajiri kabla watagaji hawajaanza kuvihitaji. Giza likiingia, wabebe hao watatu uwapandishe. Wiki moja kwa kawaida inatosha.

Wa sakafuni mtenge kwenye hesabu yako. Huenda anadonolewa na wakubwa, huenda anaumwa. Mpapase gole (mfuko wa chakula chini ya shingo) usiku, linatakiwa lijae. Alfajiri liwe tupu. Pitisha pia karatasi nyeupe chini ya kichanja usiku kwa tochi. Ikibaki na michirizi ya damu, ni utitiri mwekundu, wadudu wadogo wanaonyonya damu, na kuku wakishaujua hawapandi hata ungewapa fito mpya.

Bandani12:
Yai limetoka baada ya beseni la pili, ganda jembamba. Ila kuna nyama nyekundu imechungulia tunduni.

KooMzoefu:
Ikirudi yenyewe ndani ya dakika chache, ni kawaida. Ikibaki nje, mtenge mara moja, wenzake wakiona wekundu watamdonoa mpaka utumbo. Ioshe kwa maji safi ya vuguvugu, paka sukari kupunguza uvimbe, isukume ndani kwa kidole kilichopakwa mafuta. Mweke gizani siku kadhaa ili utagaji upungue. Ikitoka tena, daktari.