Mtoto wa miaka mitano, shule inataka kumrusha aingie la kwanza. Naombeni ushauri

Mama wa Mbagala
Wakuu, habari zenu. Nina kijana wangu wa Novemba 2020. Januari hii 2026 atakuwa na miaka mitano na miezi miwili. Yuko chekechea ya binafsi tangu ana miaka mitatu na nusu, silabi anasoma bila kukwama na kuhesabu anafika 100. Shule imeniita, wanasema awali itampotezea muda, arushwe aingie darasa la kwanza moja kwa moja. Baba yake kafurahi, anasema akimaliza mapema ni faida yake. Mimi moyo unasita. Bado analala mchana, penseli anaishika kama mchi, na akinyang'anywa kitu analia mpaka anatapika. Basi la shule lingempitia saa 11 na nusu alfajiri. Mliopitia hili mlifanyaje?

Ticha wa La Kwanza
Dada, nafundisha la kwanza mwaka wa 14 sasa. Kusoma silabi peke yake si kipimo. Mtaala tulioanza nao 2024 umeweka awali mwaka mmoja akiwa na mitano, la kwanza akiwa na sita. Na shule ya msingi sasa ni miaka sita badala ya saba, kwa hiyo huo mwaka anaoutaka baba umeshapunguzwa. Ukimrusha, ataingia kidato cha kwanza na miaka 11. Mfikirie bwenini.

Wanaoniuma ni hawa wadogo wanaochanganywa na wakubwa. Akili wanazo, mikono ndiyo haijakomaa. Anaandika mistari miwili kiganja kinauma, wenzake wameshamaliza ubao mzima. Kufika mwezi wa tatu anaitwa mzito, na mtoto akishaamini ni mzito, kumtoa hapo ni kazi kubwa mno.

Mwangalie nyumbani: anafunga vifungo? Anajisafisha chooni mwenyewe? Ukimtuma vitu viwili analeta vyote? Hadithi anaisikiliza mpaka mwisho?

Mzee wa Tabora
Sisi 1979 mwalimu mkuu alitupanga mstari. Unapitisha mkono juu ya kichwa, ukigusa sikio la upande wa pili unaandikishwa. Mimi sikufika, nikarudi nyumbani nalia. Nikaanza mwaka uliofuata na miaka minane, na shule nilisoma. Mwanangu, usiogope mwaka mmoja.

Baba Mapacha
Napingana kidogo. Binti yangu alianza na mitano na nusu, sasa yuko kidato cha pili na anafanya vizuri. Ila darasani walikuwa 22 na shule iko nyuma ya nyumba. Uliza darasa lina watoto wangapi kabla ya kuuliza umri.

Mama Wawili
Wangu wa kwanza nilimrusha. Mpaka la tatu tulijisifu. La nne, mtihani wa taifa, ukamshinda, akakariri darasa. Asubuhi ile wenzake wanaingia la tano yeye alikataa kuvaa sare. Hiyo picha ninayo mpaka leo.

Niko Ufini
Huku la kwanza ni mwaka mtoto anaotimiza 7, na awali ya lazima inamtangulia. Kabla ya hapo wanacheza nje hata kwenye theluji. Lakini serikali inagharamia malezi ya watoto wadogo kwa sehemu kubwa. Mama anayetoka kazini Kariakoo saa 12 jioni, mtoto amwache na nani? Tusiwalaumu wanaowahisha.

Mama wa Mbagala
Asanteni sana. Jana nimejaribu ya ticha. Vifungo vya chini kafunga, cha shingoni kimemshinda. Nikamtuma kijiko na kikombe, akarudi na kijiko, kikombe kakisahau kwa kuwa aliona paka. Baba yake alikuwa anatazama. Hajakubali, ila leo asubuhi kaniuliza awali ya shule ya serikali hapa mtaani wanaandikisha lini. Ticha, niende na nini?

Ticha wa La Kwanza
Cheti cha kuzaliwa na nakala yake. Ada hakuna. Nenda wiki hii, na uende naye mtoto aione shule.