Ukuta wa chumba cha mama unamomonyoka, nna laki tatu tu, nianze na nini?

MjukuuWaKikwajuni:
Asalaam aleikum jamani, naomba ushauri hasa kwa nyie wenye nyumba za zamani. Tunakaa Kikwajuni hapa Unguja, nyumba ya marehemu bibi, zile za mawe na udongo zilizopigwa chokaa, kuta nene mpaka dirishani unaweza kukaa ukakunja miguu. Sasa chumba anacholala mama, ukuta wa upande wa uchochoroni umeharibika kutoka chini mpaka kiunoni, rangi inavimba inapasuka, ukigusa inadondoka na nyuma yake kuna unga mweupe, ukiuonja ni chumvi tupu. Mwaka juzi alikuja fundi akabandua chokaa yote ya chini akapiga plasta ya saruji na rangi ya mafuta juu yake, ikapendeza kweli, ikapita masika moja tu ukuta ukarudi vile vile na sasa maji yamepanda juu zaidi ya pale yalipokuwa. Mama ana pumu na chumba kinanuka uvundo usiku hapati usingizi. Kuna fundi mwengine ananambia nibandike vigae mpaka kiunoni niwache kujisumbua. Bati nalo linavuja sehemu mbili. Nna laki tatu, mikono yangu na ya mdogo wangu, basi. Nianze wapi? Na ile saruji inayotiwa dawa ya kuzuia maji itashika?

Mchakechake:
Wa aleikum salaam. Bati kwanza dada, usipake chochote wakati juu kunavuja. Panda asubuhi kabla jua halijawa kali, utakuta mara nyingi si bati bovu, msumari umelegea na mpira wake umekwisha, na hewa hii ya bahari kutu inaanzia hapo hapo kwenye tundu. Ng'oa msumari, piga mwengine mnene zaidi wenye mpira mpya. Tundu dogo sugua kutu kwa brashi ya waya, paka lami ya maji, laza kitambaa, paka tena juu. Kitambaa cha shuka kuukuu kinatosha. Kanyaga juu ya mbao tu, usikanyage katikati ya bati.

BabaSalma_Jangombe:
Saruji yenye dawa itashika, chokaa ni mambo ya wazee. Changanya vizuri piga nene utakuja kunshukuru.

FundiMzee:
Mwanangu Baba Salma kunradhi, hapo sikubaliani nawe hata kidogo, na naomba mwenye uzi asome taratibu maana hii ndo inayoua majumba ya watu.

Ukuta wa mawe na udongo unanyonya maji kutoka chini, siku zote, na siku zote ulikuwa unayatoa, kwa sababu chokaa inaruhusu unyevu kutoka nje pole pole. Ukipiga saruji juu yake umefunga mlango. Maji hayarudi chini, yanapanda kutafuta pa kutokea, ndo maana binti anasema sasa yako juu kuliko mwanzo. Na yakitoka yanabeba chumvi, chumvi ikikauka inakuwa chembe chembe, inasukuma rangi na plasta mpaka vinaanguka. Ukitia saruji ya dawa maji yatapanda mpaka usawa wa dirisha, na vigae ni hivyo hivyo, kwa nje utaona pasafi, ndani udongo unaoshika mawe unalainika.

Kwa hiyo: bandua saruji yote ile. Tumia tindo na nyundo ndogo, anza pale panapolia wazi ukigonga kwa kidole, usipige kwa nguvu, ukuta wenyewe ni udongo utang'oa na mawe. Mama ahamie chumba chengine, vumbi lile na pumu haviendi pamoja, na nyie mfunge vitambaa puani. Kisha muuwache ukuta wazi wiki kadhaa, madirisha wazi mchana, kila siku unafagia chumvi inayotoka kwa brashi kavu na kuitupa nje kabisa. Usiuoshe kwa maji.

UmmuKhayr:
Mie nauliza, huko uchochoroni kukoje? Maana nyumba nyingi za Ng'ambo, huku mitaani nje ya Mji Mkongwe, watu wanamwaga zege nje mwaka hadi mwaka, chini panapanda mpaka nje kunakuwa juu kuliko sakafu ya ndani. Bati la jirani linamwagia wapi?

MjukuuWaKikwajuni:
Ummu Khayr umenigusa pale pale. Bati la jirani linamwaga mguuni mwa ukuta wetu, na zege ya uchochoroni imepita sakafu yetu kama shibiri hivi, mvua ikinyesha panasimama dimbwi hata nusu siku.

UmmuKhayr:
Basi mdogo wangu laki tatu yako ya kwanza iko nje. Nenda kwa jirani na mama yako, jioni, kwa salamu si kwa lawama, mkubaliane atie mfereji wa bati hata mkichanga nusu kwa nusu. Halafu vunja ile zege iliyogusa ukuta, upana wa beleshi tu, uchimbe mpaka chini ya usawa wa sakafu yenu (usiende ndani zaidi, nyumba hizi msingi wake ni mfupi), uweke mteremko kuelekea mtaroni na ujaze kokoto. Mwambie sheha kabla ya kuvunja kwa kuwa njia ni ya wote. Na kwa wanaosoma huku wanakaa Mji Mkongwe, kule hata plasta ya nje uombe kibali kwanza kwa mamlaka ya uhifadhi.

MjukuuWaKikwajuni:
Shukran sana dada. Babu Fundi shikamoo, chokaa yenyewe naichanganya vipi? Mdogo wangu anataka kuleta mchanga wa pwani ni wa bure. Na shangazi anasema nitie chumvi kwenye chokaa ili isitoke mkononi ukipapasa ukuta.

FundiMzee:
Marahaba mwanangu. Mchanga wa pwani usiulete, una chumvi, na ndo hiyo hiyo unayoifagia kila siku. Tena kuchota ovyo ufukweni hakuruhusiwi. Chumvi ya shangazi vile vile iwache, inavuta unyevu.

Chokaa iroweke kwenye pipa, maji yaifunike juu, wiki mbili au zaidi ndo inakuwa laini. Angalia macho na ngozi, inaunguza, na kama umepata ya mawe kutoka tanuuni haijazimwa, usiizime wewe, inachemka na kuruka, mtafute mwenye kujua. Karai moja ya chokaa kwa tatu za mchanga safi wa ndani, si wa pwani, mkavu kiasi, usiifanye uji. Ukuta uunyunyizie maji kwanza. Mashimo makubwa usiyajaze chokaa peke yake, yatomee kwa vijiwe, unasukuma kijiwe ndani ya chokaa mpaka kikae. Kisha tabaka nyembamba, isizidi unene wa kidole, isubiri ikaze, ndo unaweka ya pili. Kaskazi hii ina joto na upepo, funika kwa magunia yaliyoroa siku za mwanzo, ikikauka ghafla inapasuka yote.

Juu yake chokaa ya maji nyepesi kama maziwa, tabaka nyingi, kila siku moja. Rangi ya mafuta hapana tena.

BabaSalma_Jangombe:
Babu nimekusoma. Ila masika iko karibu, atawahi?

FundiMzee:
Bati na mfereji atawahi. Kubandua atawahi. Plasta asiiharakishe, ukuta ukikaa wazi masika nzima hauna madhara madhali maji ya jirani hayamwagiki tena pale mguuni. Apige baada ya mvua.

MjukuuWaKikwajuni:
Mama kakubali kuhamia chumba cha mbele. Jioni baada ya magharibi tunakwenda kwa jirani. Mwenye tindo la kuazima maeneo ya Kikwajuni au Kisiwandui ani-PM tafadhali.