Mizani inapima tani, breki anazipima nani?

Mleta mada: Wakuu, sheria za malori zinailinda lami kuliko zinavyolinda roho za watu. Ukizidisha tani mbili unazuiwa mizani, faini juu, mzigo unashushwa. Lakini lori lenye breki mbovu na uzito halali linapita palepale bila swali.

Sisemi mizani haina kazi. Majaribio yaliyofanyika Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960 yalionyesha kuwa uharibifu wa barabara hukua takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli (mhimili unaobeba magurudumu ya pande mbili). Ekseli ya tani 10 ukiibebesha 12, mzigo umepanda asilimia 20 tu, barabara inaumia mara mbili. Sawa. Ila kwa nini ruhusa ya kubeba tani kadhaa isitegemee breki zilivyo leo, badala ya zilivyotoka kiwandani?

Fikirieni mteremko. Lori la tani 50 likishuka kimo cha mita 200, nishati inayopaswa kumezwa inatosha kuchemsha lita 250 za maji ya baridi. Ukiziachia breki kazi yote, joto hilo linaishia kwenye ngoma, lile bakuli la chuma linalozunguka na gurudumu. Ngoma inatanuka na kuvikimbia viatu, yaani vipande vinavyoibana kwa ndani. Tena pedali ya breki za upepo haikuonyi: mguu unahisi kama kawaida, huku lori halipungui.

Mwenye malori: Naomba nikubishie. Ufini wanaruhusu tani 76 tangu 2013 na watu wanaishi. Marekani, nchi tajiri, kikomo cha kawaida kwenye barabara kuu zao ni pauni 80,000, tani 36 na ushei. Kwa hiyo namba hizi ni siasa. Na sasa mnataka kutuongezea foleni nyingine ya ukaguzi? Gari likisimama halilipi mkopo.

Fundi: Boss, hizo tani 76 zinakuja na ekseli 9. Kila ekseli ina breki zake, kwa hiyo mfano wako unambeba mleta mada, haukubebi wewe. Tatizo ni anayepakia tani za ekseli saba juu ya tano.

Halafu tuache wimbo wa "upepo uliisha, breki zikafeli". Breki ya maegesho ya lori inashikiliwa na springi, na upepo ndio unaoiachia. Upepo ukiisha, springi yenyewe inabana magurudumu. Ninachokutana nacho mimi gereji ni viatu vilivyoisha, ngoma zenye nyufa, na fimbo ya chemba (ile inayosukumwa na upepo ili breki ibane) inayotoka ndefu kupita kiasi. Pia adjasta (vifaa vya kurekebisha nafasi kati ya viatu na ngoma) za kujirekebisha zenyewe ambazo mtu anazikaza kwa spana kila wiki. Ukiona inahitaji kukazwa kila wiki, kuna kitu kimekufa ndani. Kuikaza ni kuficha tu.

Mleta mada: Ahsante fundi. Amerika Kaskazini wakaguzi wa barabarani wana kipimo chepesi: breki zenye kasoro zikifika asilimia 20, gari haliondoki. Lori la ekseli tano lina breki kumi, basi mbili mbovu zinatosha kulilaza.

Mwenye malori: Na mzigo wa mbogamboga uoze pale?

Dereva: Uoze. Mimi niliwahi kuandika kwenye daftari la gari kwamba tela halishiki, nikajibiwa "maliza hii safari kwanza". Nilishuka mlima kwa gia ndogo kuanzia juu, nikikanyaga na kuachia, sikuthubutu kuweka mguu moja kwa moja. Nikakamatwa chini. Faini jina langu. Aliyenipa safari hakuulizwa hata namba ya simu. Ukaguzi uje, ila karatasi ya kosa imfuate mwenye gari, na tani zikizidi imfuate aliyepakia.

Mwenye malori: Hapo kwa aliyepakia nakuunga mkono. Kwa breki, hapana: dereva akiniharibia viatu kwa kushuka na gia kubwa, nilipe mimi?

Fundi: Viatu vilivyoungua vinajulikana kwa macho, mkuu, hata rangi ya ngoma inasema. Kuna mashine ya rola inayopima nguvu ya kila gurudumu. Ikikaa jirani na mizani, kila mtu ataona nani alichelewa kutengeneza na nani aliunguza.

Mwenye malori: Nani ataihudumia hiyo mashine ikiharibika?