Protini za nje ya seli kwenye ini, si ni gundi tu?

mdadisi_wa_seli: Wakuu habari, naomba mnitoe tongotongo. Panya akikatwa theluthi mbili ya ini, uzito unarudi ndani ya siku 7 hadi 10 hivi. Sasa seli shina (zile changa zinazoweza kugeuka seli za aina nyingine) zinaingilia wapi hapo, na hizi protini za nje ya seli, kolajeni, laminini, fibronektini mbona zinaongelewa kama ndo zinatoa amri, mi najua ni gundi ya kushikilia seli basi

fundi_maabara: Hapo kwenye kukatwa seli shina hazina kazi kubwa mkuu. Seli za ini zenyewe ndo zinagawanyika, na kile kipande kilichokatwa hakioti tena, kilichobaki ndo kinanenepa. Seli changa, ndo hizo seli shina za ini, zinaamka pale ini limeumia muda mrefu mpaka seli za kawaida zimeshindwa kugawanyika, zinatokea upande wa vijia vya nyongo zikiwa zimevikwa laminini, na hiyo laminini ndo inazifanya zibaki changa, ili zigeuke seli za ini kamili inabidi ziachane nayo. (Mchango wao ni mkubwa kiasi gani watu bado wanabishana, usije ukamezeshwa)

mama_hadubini: Gundi gani inatunza dawa ndani yake? HGF, kile kichocheo cha ukuaji, kinakaa humo kwenye hizo protini kimelala, ini likijeruhiwa kimeng'enya cha urokinase kinakiamsha. Halafu seli zina integrini, yaani vipokezi vya kupapasa palipo pagumu na palipo laini, na hiyo inabadilisha tabia yake kabisa

mdadisi_wa_seli: Aah kumbe. Kwa hiyo mtu mwenye sirosisi, ini lililojaa makovu, akidungwa seli shina anapona?

fundi_maabara: Pole pole hapo. Kwenye sirosisi seli za stelati (zile seli za ini zinazotengeneza kovu) zimeshamwaga kolajeni aina ya 1 kila kona na zinatoa TIMP-1, protini inayozuia vimeng'enya vya kuikata. Kuna panya walibadilishwa jeni kolajeni yao isikatike, wakaumizwa ini kwa sumu, sumu ikasimamishwa, kovu likagoma kuondoka na seli za ini nazo hazikurudi vizuri kama kwa wenzao. Sasa wewe mwaga seli shina humo uone

mama_hadubini: Na maabara nako shida ni hiyohiyo, wengi wanaotesha hizo seli kwenye Matrigel, jeli ya kuoteshea seli ambayo imetoka kwenye uvimbe wa saratani ya panya, huwezi kumwekea binadamu kitu kama hicho, ndo maana watu wanahamia laminini 521, aina mojawapo ya laminini, ya kutengenezwa maabara