Rafadha ya pichi 19 inailemea mashine ya 115 boti ikijaa watu: nishuke hadi ngapi?

Baharia wa Msasani (swali)

Ndugu zangu wa bahari, nawasalimu. Nina boti ya faiba ya futi 21 niliyoinunua kwa mtu pamoja na mashine yake ya nguvu farasi 115 ya stroki nne. Kazi yake ni kuipeleka familia na wageni katika visiwa vya Mbudya na Bongoyo mwishoni mwa wiki, kwa hiyo mara nyingi tunakuwa watu wanane, madeli mawili ya barafu na tangi lililojaa petroli.

Rafadha (propela) iliyokuja na boti ni ya alumini, ya mapanga matatu, na imeandikwa 13 x 19. Uwiano wa gia ni 2.15 kwa 1, na kitabu cha mashine kinaagiza kwamba mafuta yakifunguliwa yote mizunguko iwe kati ya 5,000 na 6,000 kwa dakika. Tukiwa watu wawili tu ninafika 5,200 na mwendo wa maili 31 za baharini kwa saa, lakini tukiwa wanane mizunguko haivuki 4,700, mwendo ni maili 26, na boti huchukua muda mrefu mno kunyanyuka na kuanza kukimbia juu ya maji. Muuza duka ananishauri ninunue rafadha ya chuma kisichoshika kutu, lakini pichi, yaani ile namba ya pili, ibaki ileile 19. Je, ushauri huo una msingi, au tatizo langu ni pichi yenyewe?

Mpenda Mwendo, Mombasa

Mimi namuunga mkono muuza duka kwa nusu ya maneno yake. Panga la chuma ni jembamba na gumu kuliko la alumini, halijipindi chini ya mzigo, na kwa sababu hiyo huyashika maji vizuri zaidi. Ila ningekwenda mbele nikachukua ya mapanga manne badala ya matatu, kwa kuwa hunyanyua boti mapema, haiachii maji kwenye kona, na wakati wa kusi, bahari inapochafuka, utaiona tofauti yake waziwazi. Utapoteza mwendo kidogo wa mwisho, jambo ambalo mtu aliyebeba familia hapaswi kulisikitikia.

Fundi Mashine, Kigamboni

Ndugu Baharia, nakushukuru kwa kuleta namba, kwa sababu watu wengi huuliza swali hili wakiwa na neno moja tu, kwamba boti ni nzito.

Tuanze na maana ya namba zako. Ile 13 ni kipenyo kwa inchi. Ile 19 ni pichi, yaani inchi ambazo rafadha ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama ingekuwa skrubu inayopenya kwenye ubao bila kuteleza. Pichi kubwa hutoa mwendo mkubwa kwa kila mzunguko lakini huidai injini nguvu zaidi, na ndiyo maana kubadilisha alumini kwa chuma huku pichi ikibaki 19 hakutaiponya mashine inayoishia 4,700. Panga lisilojipinda linaweza hata kuilemea mashine hiyo zaidi. Katika hilo muuza duka amekosea, na nasema hivyo bila kumbeza.

Wala tatizo si dogo. Mashine inayonyimwa mizunguko wakati mafuta yamefunguliwa yote hufanya kazi kwa shinikizo kubwa ndani ya silinda: joto hupanda, kaboni hujikusanya kwenye pistoni na pete zake, na mchanganyiko wa petroli na hewa huweza kulipuka ovyo hadi ukaiharibu pistoni. Mwenye boti haoni dalili yoyote kwa miezi kadhaa, na ikifika siku ya kuona, gharama yake inazidi bei ya rafadha kadhaa.

Sasa fanya hesabu moja kabla hujanunua kitu. Zidisha mizunguko kwa pichi, gawanya kwa uwiano wa gia, kisha gawanya kwa 1,215, nawe utapata maili za baharini kwa saa ambazo boti ingekwenda kama rafadha isingeteleza majini. Kwa namba zako za watu wanane jibu ni 34.2, na wewe unapata 26, kwa hiyo mtelezo ni takriban asilimia 24. Mkiwa wawili jibu ni 37.8 dhidi ya 31, yaani asilimia 18. Kwa boti ya aina yako, asilimia 10 hadi 20 ni ya kawaida, kwa hiyo hiyo 24 inanitia shaka. Kama bushi ya mpira iliyomo ndani ya rafadha ingekuwa inaachia, au kama mashine ingekuwa imepachikwa juu mno ikivuta hewa kutoka juu ya maji, mizunguko ingepanda huku mwendo ukishuka. Kwako vyote viwili viko chini, na hali hiyo huniambia kwamba kuna kitu kinaizuia boti yenyewe. Ipandishe ufukweni maji yakipwa, uikague chini. Boti inayolala majini huota uchafu na magamba kwa kasi, na wazee wetu hawakuwa wakipoteza muda walipokuwa wakivitia vyombo vyao deheni, ule mchanganyiko wa mafuta na chokaa unaopakwa chini ya chombo. Vilevile angalia kama kuna maji yaliyotuama chini ya sakafu, na hakikisha kwamba ukisukuma mkono wa mafuta hadi mwisho, kebo nayo inafungua hadi mwisho kule kwenye mashine.

Ukishaisafisha, pima upya ukiwa na mzigo wako wa kawaida. Kimbia kwenda na kurudi katika mstari uleule kisha chukua wastani wa mwendo wa GPS, kwa kuwa mkondo wa maji kujaa au kupwa unaweza kukudanganya kwa maili moja au mbili.

Kuhusu chuma, nina maoni tofauti na ndugu wa Mombasa, si kwa sababu ya ubora bali kwa sababu ya mahali. Njia ya Bongoyo na Mbudya ina matumbawe na mafungu, hasa wakati wa bamvua maji yanapokupwa sana. Panga la alumini likigonga mwamba hupinda au hukatika, ukabadilisha rafadha. Panga la chuma husimama imara, na pigo linalobaki baada ya bushi kulipunguza huelekea kwenye shafti na gia. Anayekimbia kwenye kina kirefu anunue chuma kwa moyo mkunjufu.

Mvuvi wa Ziwa, Mwanza

Ningependa kuongeza jambo ambalo ndugu wa pwani halimgusi, ila linaweza kumsaidia msomaji wa huku bara. Ziwa Viktoria liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na mashine ya petroli isiyo na chaja ya hewa (kama turbo) hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 za mwinuko. Maana yake ni kwamba mashine ya 115 ikifika Mwanza inafanya kazi kama ya 100 na kidogo. Boti zinazoletwa huku kutoka Dar es Salaam au Mombasa zikiwa na rafadha zilizopimwa baharini hulemewa, na mara nyingi hutulazimu kushuka inchi moja au mbili za pichi hata kama mzigo haukubadilika. Yeyote anayenunua boti iliyotumika na aulize ilikuwa ikifanya kazi wapi.

Baharia wa Msasani

Ninawashukuru nyote. Fundi, niliipandisha boti na kweli chini palikuwa pamejaa magamba, hasa upande wa tezi ambako sikuwa nikifika kwa mkono. Baada ya kukwangua na kupima kama ulivyoelekeza, tukiwa wanane napata mizunguko 4,850 na wastani wa maili 27.5, na tukiwa wawili 5,300. Kebo inafungua hadi mwisho na sakafuni hamna maji. Hivyo pichi ndiyo iliyobaki. Je, nichukue 17 au nishuke zaidi?

Fundi Mashine, Kigamboni

Mtelezo sasa ni takriban asilimia 22. Bado uko juu kidogo, ila kwa boti yenye watu wanane na madeli nausamehe. Kanuni tunayotumia ni kwamba kila inchi moja ya pichi unayopunguza huongeza mizunguko 150 hadi 200. Ukichukua 17, mkiwa wanane mtafika kati ya 5,150 na 5,250, na mkiwa wawili hamtavuka 5,700. Ukichukua 16, wanane watakufikisha kati ya 5,300 na 5,450, na wawili kati ya 5,750 na 5,900, ambayo bado iko ndani ya mpaka wa kitabu.

Kwa kuwa umesema mara nyingi mnakuwa wanane, mimi nachagua 16 ya alumini, mapanga matatu. Rafadha huchaguliwa kwa mzigo unaobebwa siku nyingi, wala si kwa siku ile moja unayokimbia peke yako. Kama duka halina 16, chukua 17 na usikubali kupewa 15, kwa maana ukiwa mwepesi inaweza kukuvusha 6,000 na mashine ikaanza kujikatia moto yenyewe. Ukitaka mapanga manne kama alivyoshauri ndugu wa Mombasa, jua kwamba panga la ziada hushusha mizunguko kidogo, kwa hiyo pichi yake huteremshwa kwa inchi moja hivi ukilinganisha na ile ya mapanga matatu. Usishangae pia ukikuta kipenyo cha 16 kimezidi kile cha 19 kidogo, maana watengenezaji wengi huzipanga hivyo.

Ile 19 ya zamani ibaki botini pamoja na spana yake na pini za akiba, itakurudisha nyumbani taratibu ikitokea umegonga. Siku ya kubadilisha, zima betri, toa ufunguo, weka gia huru, na kaza kipande cha ubao kati ya panga na bamba lililo juu yake ili rafadha isizunguke unapofungua nati. Kagua nyuma yake kama kuna mshipi wa kuvulia uliojisokota kwenye shafti, kwa kuwa mshipi hukata sili (pete ya mpira inayozuia maji) na kuingiza maji kwenye gia. Mafuta ya gia yakiwa na rangi ya maziwa, usiende popote hadi sili ibadilishwe. Pakaza grisi ya baharini kwenye meno ya shafti, rudisha washa (zile pete bapa za chuma) kwa mpangilio uleule ulizozikuta nao, kisha tia pini mpya na uikunje ncha zote mbili.